Farasi wa karatasi hawapandi mlima wa Pugu

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia nyumbani Jumapili asubuhi akiwa na karatasi mbili za matangazo mkononi. Zilikuwa karatasi zile zinazogawiwa bure kwenye maduka ya pikipiki ya Kariakoo, upande mmoja picha, upande wa pili orodha ya sifa. Kijana huyu amekuwa dereva wa bodaboda kwa miaka mitatu, akiendesha pikipiki ya mtu mwingine na kupeleka hesabu kila jioni. Sasa amejikusanyia akiba yake, anataka pikipiki yake mwenyewe, na kilichomleta kwangu ni pengo la shilingi laki nne.

Baada ya shikamoo na marahaba, aliziweka karatasi zile mezani, akaweka kidole chake kwenye mstari mmoja tu.

"Mjomba, hii ina nguvu za farasi 12. Hii nyingine ina farasi 15. Zote ni cc 150, lakini hii ya farasi 15 imezidi kwa laki nne. Niongezee, nitakurudishia kidogo kidogo. Kijiweni kwetu sasa hivi mwenye farasi 12 hahesabiwi."

Sasa, laki nne kwa kijana anayepeleka hesabu ya elfu kumi kwa siku ni hesabu ya siku arobaini. Ni siku arobaini za jua, mvua, vumbi na matusi ya madereva wa daladala. Mtu hawezi kulipa siku arobaini za maisha yake kwa ajili ya farasi watatu bila kuuliza farasi hao ni wa namna gani, wanakula nini, na wanapatikana wapi. Nilimwomba anipe wiki moja. Leo nataka tuzungumze kuhusu kile nilichokipata katika wiki hiyo.

Tuanze na farasi mwenyewe. Neno hili, nguvu za farasi, lilizaliwa Uingereza katika miaka ya 1780, na aliyelizaa alikuwa fundi na mfanyabiashara, James Watt. Watt hakuivumbua injini ya mvuke. Alichofanya ni kuitengeneza upya ikawa inakula makaa kidogo. Yeye na mshirika wake, Matthew Boulton, walikuwa na njia nzuri ya kulipwa: mwenye mgodi aliyekuwa na injini ya zamani alipochukua injini ya Watt, aliwalipa theluthi moja ya makaa aliyookoa. Lakini ilipofika zamu ya wenye viwanda vya kusaga na vya pombe, njia ile ilikwama. Hawa hawakuwa na injini ya zamani. Walikuwa na farasi wanaozunguka kutwa nzima wakisukuma mtambo. Ungewaambia wameokoa makaa gani?

Ndipo Watt alipokaa chini akapiga hesabu ya farasi. Alichukua farasi wa kinu anayetembea kwenye duara, akakadiria nguvu ya mvuto wake na mwendo wake, kisha akapandisha hesabu kidogo ili iwe namba nzuri. Akasema farasi mmoja hufanya kazi ya kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika kila dakika. Kwa vipimo vya leo hiyo ni wati 746. Hata hiyo wati yenyewe imepewa jina lake. Tangu hapo mteja alilipa kila mwaka kwa idadi ya farasi ambao injini ilichukua nafasi yao. Kwa lugha ya Kariakoo ya leo tungesema walikuwa wakipeleka hesabu kwa Watt, na hesabu yenyewe ilikatwa kwa farasi.

Watt alipima farasi wa kufanya kazi siku nzima, tena wengi wanaona alimpa sifa kubwa kuliko uwezo wake. Lakini farasi huyo huyo akikurupuka kwa sekunde chache tu anaweza kutoa nguvu za farasi zinazokaribia 15. Naam, farasi mmoja, nguvu za farasi 15! Kwa hiyo tangu siku ya kwanza namba hii ilihitaji swali la pili: ni nguvu ya wakati gani, na katika hali gani? Shika swali hilo, msikilizaji, maana tutalirudia.

Lakini sisi na farasi wapi na wapi? Hapa kwetu Dar es Salaam mnyama huyu ni wa kuonwa kwenye gwaride au kwenye picha. Sababu yake ni mbung'o. Katika sehemu kubwa ya nchi hii farasi akiingia porini huumwa na mbung'o, hupata ugonjwa wa nagana, na hufa. Jambo hili lilidhihirika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia nchini kuwafukuza Wajerumani yakiwa na askari wapanda farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo, na hata kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Wanyama walikufa kwa maelfu, wakazagaa njiani. Nazo pikipiki zilikutana na matope ya masika, na dereva akajikuta yeye ndiye anayeisukuma pikipiki.

Kilichobaki kikawa bega la mwanadamu. Waafrika walikusanywa kwa mamia ya maelfu kubeba risasi, unga na mahema, na kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hapa mjini kambi yao ilikuwa mahali ambapo leo pana soko, na jina lao, likipita katika ulimi wetu, likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mpwa wangu anapozunguka Mtaa wa Msimbazi akitafuta farasi 15, anazunguka katika mtaa uliopewa jina la watu waliofanya kazi ambayo farasi waliishindwa.

Na mpagazi huyo anaweza kutusaidia kuielewa namba iliyo kwenye karatasi. Mtu mzima mwenye afya, akifanya kazi ya nguvu kutwa nzima, hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu ya farasi. Kwa hesabu hiyo pikipiki ya farasi 12 ni sawa na wapagazi 120. Lakini wapagazi 120, kila mmoja akiwa na ratili 50 kichwani, wanabeba zaidi ya tani mbili na nusu. Pikipiki yako ukiipakia hata kilo 300 tu inaanza kuyumba. Je, wapagazi wengine wamepotelea wapi?

Hawakupotea. Wamegeuka mwendo. Nguvu za farasi hazipimi uzito unaobebwa peke yake. Zinapima uzito pamoja na haraka ya kuusogeza. Wapagazi 120 watafika Mbagala na mzigo mkubwa baada ya saa nyingi, na pikipiki itafika na mzigo mdogo baada ya nusu saa. Mtu akikwambia injini hii ina farasi wengi, amekwambia kwamba inaweza kufanya kazi haraka. Hajakwambia kwamba inabeba. Na hajakwambia kwamba inafanya hivyo katika mwendo ambao wewe unautumia.

Serikali nazo zilipoanza kuvitoza kodi vyombo vya moto, ziliwatumia farasi hao hao, na hapo ndipo vituko vilipozidi. Tangu mwaka 1921 Waingereza walitoza gari pauni moja kwa kila nguvu ya farasi. Lakini ofisa wa kodi hakuwa na muda wa kuipima injini. Alichukua kipenyo cha pistoni na idadi ya silinda, akapiga hesabu yake, basi. Matokeo yake watengenezaji wakaanza kuunda injini zenye pistoni nyembamba zinazosafiri mwendo mrefu, ili kwenye karatasi ya kodi farasi wawe wachache, huku barabarani wakiwa wengi. Gari dogo mashuhuri la Austin Seven lililoanza mwaka 1922 liliitwa Seven, yaani saba, kwa farasi wa kodi, lakini injini yake ilikuwa ikitoa zaidi ya hao. Utaratibu huo uliachwa mwishoni mwa miaka ya 1940.

Wamarekani wao walifanya kinyume chake. Kwa miaka mingi walikuwa wakiipima injini ikiwa uchi juu ya meza, bila feni, bila bomba lake kamili la moshi, ili farasi waonekane wengi dukani. Ilipofika 1972 walibadili kipimo, wakaanza kuipima injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote. Farasi kwa makumi wakatoweka kwenye vitabu vya matangazo. Injini ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni kalamu. Na hata leo farasi wa Japani, India na China mara nyingi si farasi wa Watt. Ni farasi wa vipimo vya mita, mwenye wati 735 badala ya 746. Ni tofauti ndogo, lakini inaonyesha kwamba hata farasi wenyewe hawalingani.

Sasa turudi kwenye pikipiki zetu. Wale wa rika langu wanaikumbuka Honda ya bwana shamba. Ile Honda ndogo yenye ngao ya plastiki miguuni ilitoka Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 49 na nguvu za farasi wanne na nusu. Ndugu zake za cc 70 na cc 90 zilizofuata hazikuzidi farasi wanane. Ilipofika 2017 kampuni ilikuwa imekwisha tengeneza zaidi ya pikipiki milioni 100 za ukoo huo. Kijijini kwetu nilipokuwa mtoto bwana shamba alikuwa akipanda kilima na mfuko wa mbegu nyuma, polepole, gia ya kwanza, na alifika. Hatukuwahi kumsikia akitaja farasi. Alitaja mafuta, maana katika miaka ile ya uhaba kupata lita tano kulihitaji kibali, na alitaja plagi.

Mwaka 1976 Honda ilifanya jambo jingine ambalo limegusa maisha ya Kariakoo kuliko wengi wanavyojua. Wahandisi wake walitembelea nchi zinazoendelea, wakaona watu wanavyozitumia pikipiki. Waliona zinapakizwa kupita kiasi, oili haibadilishwi, vumbi limejaa, na fundi ana spana nne tu. Wakarudi wakatengeneza injini ya cc 125 iitwayo CG. Hawakutafuta farasi wengi. Injini ile ilikuwa na farasi 11 hivi, na mitambo ya valvu zake ilikuwa ya kizamani kwa makusudi, yaani ya vijiti vya kusukuma, kwa sababu vijiti vinavumilia. Injini hiyo ndiyo wenye viwanda vya China walioiiga, wakaipanua kuwa cc 150 na hata 200, na ndiyo iliyojaa katika maduka yetu tangu miaka ya 2000 kwa majina mengi yasiyo na idadi.

Pikipiki hizo za bei nafuu, pamoja na zile za India za akina Bajaj na TVS, ndizo zilizotuletea bodaboda, kazi ambayo jina lake lilitoka mpakani kati ya Kenya na Uganda. Hapa kwetu kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010. Na angalia jinsi sheria yetu inavyopima. Katika madaraja ya leseni za udereva, daraja A3 ni la pikipiki zisizozidi cc 50, A1 ni la zile zilizo chini ya cc 125, na A ni la zinazozidi hapo. Sheria inahesabu cc, haihesabu farasi hata mmoja.

Kwa nini? Jibu nililipata Gerezani, si maktaba.

Siku ya tatu ya wiki ile nilikwenda na karatasi zangu mbili kwa fundi mmoja ninayemfahamu, mzee ambaye amefungua injini za pikipiki tangu enzi za Honda ya bwana shamba. Alizitazama karatasi, akacheka kidogo, kisha akamwita kijana wake alete boksi la pistoni. Juu yake palikuwa pameandikwa milimita 62.

"Hii ni ya hiyo ya farasi 12," alisema. "Na ya farasi 15?"

Nikasubiri alete boksi la pili. Hakuleta.

"Ni hii hii. Na ringi zake ni hizi hizi, na gasketi hii hii. Ukinijia na yoyote kati ya hizo mbili nakuuzia boksi moja. Mimi pistoni naweza kuipima kwa rula mbele yako ukaona. Farasi nitampimia wapi?"

Maneno hayo ya mzee yana elimu kubwa. Pistoni ya milimita 62 ikisafiri milimita 49.5 inafanya cc 149. Kila mtu anaweza kupima na kupiga hesabu hiyo, awe polisi, ofisa wa forodha au mnunuzi. Nguvu za farasi zinahitaji mashine maalumu ya kupimia, ambayo mnunuzi wa Kariakoo hataiona maisha yake yote. Anapewa namba aiamini.

Je, basi yule mwenye duka la farasi 15 ni mwongo? Nilidhani hivyo, lakini niliposoma karatasi kwa makini niliona kwamba si lazima awe amedanganya. Karibu na ile 15 palikuwa na maandishi madogo: katika mizunguko 9,000 kwa dakika. Karibu na ile 12 paliandikwa: katika mizunguko 7,500. Hapo ndipo penye siri yote, na naomba unifuate polepole.

Injini inasokota. Nguvu ya kusokota ndiyo inayolitoa gurudumu mahali liliposimama na kulipandisha mlimani, na karatasi huiandika kwa kipimo cha nyutoni-mita. Ukizidisha nguvu hiyo ya kusokota kwa mizunguko ya dakika moja, kisha ukagawanya kwa 7,024, unapata nguvu za farasi. Sasa igeuze hesabu. Farasi 12 katika mizunguko 7,500 wanatokana na msokoto wa nyutoni-mita 11.2. Farasi 15 katika mizunguko 9,000 wanatokana na msokoto wa nyutoni-mita 11.7. Tofauti ya msokoto ni ndogo mno, nusu tu ya nyutoni-mita. Sehemu kubwa ya farasi hao watatu wa ziada imetokana na kuizungusha injini kwa kasi zaidi, yaani kuipigisha kelele mpaka mwisho wa waya.

Na nani anaendesha bodaboda katika mizunguko 9,000? Kutoka Kariakoo kwenda Buguruni, Ilala au Magomeni, katikati ya mikokoteni, maguta na watu waliobeba mabelo ya mitumba, mpwa wangu yuko kati ya mizunguko 3,000 na 5,000. Pikipiki ya farasi 12 inasema kwenye karatasi yake kwamba msokoto wake mkubwa kabisa, nyutoni-mita 12, unapatikana katika mizunguko 5,000. Piga hesabu: hapo ina farasi wanane na nusu. Ile ya farasi 15 msokoto wake mkubwa ni huo huo wa 12, ila unapatikana katika mizunguko 6,500. Hivyo katika mwendo wa kazi, ile ndogo inavuta sawa na ile kubwa au kuizidi. Farasi watatu wa laki nne wamefungwa zizini, na zizi lenyewe liko kwenye mizunguko ambayo kijana akikaa nayo kutwa, ataijua bei ya pistoni kabla mwaka haujaisha.

Ongeza na jambo hili. Injini hupimwa katika hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, isiyo na joto kali. Hapa Dar es Salaam tuna usawa wa bahari, lakini joto letu mnalijua. Ukiipeleka pikipiki hiyo hiyo Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na injini inapoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Farasi 12 wanakuwa 10. Ndiyo maana mwenyeji wa nyanda za juu anapouliza kuhusu pikipiki, anauliza kwanza kama inapanda mlima.

Sitaki nieleweke kwamba farasi hawana maana kabisa. Kati ya Honda ya farasi wanne na nusu na pikipiki ya farasi 12 kuna tofauti ya kweli, ambayo abiria wawili na gunia la mchele wataihisi kwenye mlima wa Pugu. Anayesafiri Dar es Salaam mpaka Morogoro huku akipishana na malori anahitaji akiba ya nguvu ili asibaki ubavuni mwa lori. Na huko Ulaya kuna pikipiki zenye farasi zaidi ya 150, hata Ufaransa kwa miaka mingi, mpaka 2016, ilikataza zinazozidi farasi 100. Lakini kati ya 12 na 15, kwa injini zenye pistoni moja, kwa mtu wa bodaboda, tofauti ni ya kwenye karatasi.

Namba zinazomhusu kijana huyu ni nyingine, na nyingi anazijua kwa moyo. Anajua bei ya petroli ambayo EWURA huitangaza mwanzoni mwa kila mwezi. Anajua lita moja inamfikisha wapi. Anajua bei ya cheni na sproketi, na kwamba sproketi ya nyuma yenye meno mengi humpa mvuto mlimani na kumpunguzia mbio, kwa fedha ambazo ni chembe tu ya laki nne. Vijiweni watu hao hao wanaobishana kuhusu farasi ndio wanaojua mambo haya kuliko aliyeandika tangazo.

Ila kuna namba moja ambayo sikuiona kwenye karatasi yoyote kati ya zile mbili, nayo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Hakuna palipoandikwa pikipiki inasimama kwa mita ngapi. Kwa breki nzuri, barabara kavu na tairi zima, pikipiki iliyo katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa inahitaji kama mita 12 kusimama tangu breki inaposhika. Ikiwa kilomita 80 inahitaji karibu mita 50. Mwendo umezidi mara mbili, umbali umezidi mara nne. Na hiyo ni bila mshikaki wa abiria watatu, bila mchanga barabarani, bila breki shuu zilizokwisha. Farasi wa kwendea wanaandikwa kwa maandishi makubwa, wa kusimamishia hawaandikwi. Anayetaka kujua matokeo yake aende Taasisi ya Mifupa Muhimbili siku yoyote aone vijana waliolala na vyuma miguuni, kisha ahesabu wangapi kati yao walikuwa na haraka ya kuokoa dakika tano.

Jumapili iliyofuata mpwa wangu alirudi. Nilimweleza haya yote, nikamwandikia hesabu nyuma ya karatasi yake mwenyewe, nikamweleza habari za lile boksi moja la pistoni. Alikaa kimya muda mrefu.

"Sasa mjomba, kijiweni nitawaambia nini?"

Swali lile lilinigusa. Kwa kijana asiye na cheo, asiye na ofisi, ambaye jamii inamwita mhuni kabla hajafungua mdomo, namba kwenye kava la pikipiki ni heshima. Watengenezaji wanalijua hilo, kama Watt alivyojua kwamba mwenye kinu atapenda kuhesabiwa farasi. Nilimwambia awaambie wenzake kwamba amenunua farasi 12 na akabaki na laki nne mfukoni, kisha waone nani anahesabiwa.

Alinunua ile ya farasi 12. Sikumwongezea fedha, hakuhitaji tena. Mimi nilimnunulia helmeti mbili, moja yake na moja ya abiria, nikamwomba jambo moja tu: kila mwisho wa mwezi aipeleke kwa yule mzee wa Gerezani aifungue breki ya nyuma, atazame shuu zimebaki unene gani. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala farasi. Ni rula tu, na mzee anayo.